Kuipenda kweli nilifundishwa na dini niliyoitoka: nina deni gani kwake?

Mjukuu wa Banani anauliza:

Assalaamu alaykum kwa ndugu Waislamu, na salamu za heshima kwa wote wengine watakaosoma.

Mimi ni Mpemba. Nilisilimu nikiwa mtu mzima, baada ya kusoma na kuuliza kwa muda mrefu, bila ya kuahidiwa ndoa, kazi wala fedha. Swali ninalolileta hapa nimeshawapelekea watu kadhaa wa karibu yangu, nao wamenijibu kwa kuniombea dua. Dua zao nazipokea kwa shukurani, lakini namhitaji pia mtu wa kunijibu kwa hoja.

Wazee wangu ni Marafiki, madhehebu ya Kikristo ambayo ulimwenguni hujulikana kwa jina la Quaker. Watu wengi wa Unguja, na hata baadhi ya Wapemba wenzangu, hushangaa wakisikia kwamba madhehebu hayo yamekaa kisiwani kwetu kwa zaidi ya karne moja. Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, alipotoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa, tarehe 6 Aprili 1897, Marafiki wa Uingereza walikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakiishinikiza serikali yao juu ya jambo hilo, na mwaka huo huo wakaja Pemba, wakiongozwa na Theodore Burtt, wakaanzisha misheni yenye shamba huko Banani, ambako watu waliotoka utumwani walifanya kazi kwa ujira. Baba wa babu yangu alikuwa mmoja wa watu hao. Hakuzaliwa katika dini ya Marafiki. Aliichagua mwenyewe, akiwa mtu mzima, kama nilivyochagua mimi.

Marafiki hawabatizi kwa maji, wala tangu zamani hawaapi, hata wakiwa mbele ya hakimu, kwa kushika maneno ya Injili ya Mathayo kwamba ndiyo yenu iwe ndiyo na siyo yenu iwe siyo. Nyumbani kwetu, watoto wa jirani walipoapa katika mchezo, sisi tulikatazwa, na mama alitueleza sababu yake: mwenye kuapa leo kwamba anasema kweli anakiri kwamba jana, alipokuwa hakuapa, huenda alisema uongo. Katika malezi yale hapakuwa na kosa kubwa kuliko kutamka kwa ulimi jambo ambalo moyo haulikubali.

Malezi hayo hayo ndiyo yaliyonitoa. Nilipofika mahali ambapo sikuweza tena kuukubali Utatu, si kwa akili wala kwa moyo, kuendelea kukaa na jamaa zangu katika ibada na kuitikia pamoja nao kungekuwa ni kuvunja jambo la kwanza nililofundishwa nikiwa mtoto. Kwa hiyo, kuipenda kweli kuliko dini ya wazee nilifundishwa na wazee wenyewe. Hapo ndipo ninapokwama, na ninakwama kwa namna tatu.

Kwanza, ndugu zangu wanaoandaa mihadhara wameniomba nizungumze hadharani. Wanataka niseme kwamba ukoo wetu ulinunuliwa kwa mchele na nguo, na kwamba Wakristo wanajua ndani ya nafsi zao kuwa dini yao si ya kweli ila wanaficha. Naijua habari ya ukoo wangu, na maneno ya kwanza si kweli. Namjua pia mama yangu, na ya pili si kweli: mama haamini jambo analojua kuwa ni uongo, wala hajapata kuamini hivyo katika maisha yake. Nilipokataa, niliambiwa kuwa imani yangu ina kasoro na kwamba moyo wangu bado unaegemea dini ya wazee.

Pili, mama ananiambia kwamba nimeitupa dini iliyomtoa mzee wetu utumwani, nikaingia katika dini ya waliomtumikisha. Sina jibu, kwa sababu mabwana wa mashamba ya mikarafuu ya Pemba wakati ule kwa sehemu kubwa walikuwa Waislamu kweli.

Tatu, mwanangu sasa anasoma chuo cha Qur'ani na anahifadhi vizuri, nami nafurahi. Lakini ataupokea Uislamu kama nilivyopokea mimi Umarafiki, kwa kuwa baba yake yumo. Nikimwambia ukweli wote kuhusu nilikotoka, na sababu zote za kuhama kwangu, je, nitakuwa nimemjenga au nimemtikisa?

Naomba kujua kama utiifu kwa kweli ulikuwa ni kazi ya siku moja, ile niliyotoa shahada, au kama ni ahadi ambayo bado inanidai, hata ndani ya dini niliyoichagua.

Mpenda Sunna wa Micheweni anajibu:

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Karibu, na Mwenyezi Mungu akuthibitishe.

Hapana mtu mwenye haki ya kukutia maneno kinywani. Kama unayoambiwa uyaseme katika mhadhara si kweli, usiyaseme, na atakayekulaumu kwa hilo amekosea. Hapo tuko pamoja. Ninachokuhofia ni hilo la mwisho, hii fikra ya kwamba lazima uendelee kuipima dini yako kila siku kama ulivyoipima ya zamani. Aliyekwisha kufika bandarini hana haja ya kuendelea kuwauliza wapita njia bandari iko wapi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba shetani humjia mtu akamuuliza nani kaumba hiki na nani kaumba kile, mpaka akamuuliza nani kamuumba Mola wako, na kwamba mtu akifika hapo ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na akome. Nimeona vijana wetu waliokwenda masomoni ng'ambo wakiwa na nia njema kabisa ya kutafuta kweli, wakarudi hawana hiki wala kile.

Kuhusu mtoto, mlee katika Uislamu na usimfungulie milango ya shaka kabla hajawa na elimu ya kuifunga. Samaki mkunje angali mbichi. Na kuhusu utumwa, kumbuka kwamba Qur'ani imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ni ibada na kuwa ni kafara ya madhambi kadhaa. Sioni sababu ya wewe, Mwislamu, kuwakumbusha watu dhambi za mabwana wa mashamba wakati wapo wengi wanaofanya kazi hiyo kwa nia ya kuutia Uislamu doa.

Mudarisi wa Minhaji anajibu:

Ndugu muulizaji, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na nataka nilijibu kwa urefu, kwa sababu naona limegusa jambo ambalo sisi tuliozaliwa ndani ya Uislamu tunapaswa kulijibu kabla yako.

Ndugu yetu wa Micheweni ameitaja hadithi sahihi, lakini naomba aiangalie inazungumza na nani. Inazungumza na mtu anayesumbuliwa na wasiwasi, swali lisilotafuta jibu, linalozaa swali jingine bila ya kikomo. Haimzungumzii mtu anayetafuta hoja ili moyo wake utulie. Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amwoneshe namna anavyofufua wafu, akaulizwa kama haamini, akajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake upate utulivu; ombi lake halikukemewa, lilitekelezwa. Hiyo imo katika Suratul Baqara, aya ya 260. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 170, wanakemewa watu ambao wakiitwa kwenye kilichoteremshwa husema kwamba wao wanafuata walichowakuta nacho baba zao, ijapokuwa baba hao hawakuwa wakifahamu kitu wala hawakuongoka. Maana hiyo imerudiwa katika Al-Maida na katika Az-Zukhruf. Tunazisoma aya hizi misikitini kana kwamba ziliwahusu Makureshi peke yao, ilhali hoja iliyomo ndani yake inamkabili kila mwenye baba, na mimi nimo.

Wanavyuoni wetu walilijua hili na hawakulificha. Wanafunzi wa vyuo vyetu, wakifika kusoma tauhidi, hukutana na ubeti wa Imam Laqqani katika Jauhara, shairi lake la mafunzo ya itikadi, unaosema kwamba kila aliyefuata tu wengine bila ya hoja katika tauhidi, imani yake haikosi kusitasita. Wakakhitilafiana baada ya hapo kama imani ya mtu huyo inasihi au haisihi, na wengi wakaona inasihi, kwa rehema, maana bila ya hivyo tungebaki wachache sana. Lakini hakuna aliyesema kwamba kufuata tu ndiyo daraja bora. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika habari za maisha yake alieleza kwamba tangu ujanani aliona watoto wa Wakristo wakikua kuwa Wakristo, wa Mayahudi kuwa Mayahudi na wa Waislamu kuwa Waislamu, na kwamba hapo ndipo kufuata wazee kulipokosa nguvu juu yake. Mtu huyo hakuishia kuwa hana hiki wala kile. Alipita katika shaka kali, mwaka 1095 akauacha ualimu mkubwa wa Baghdad, na alichokiandika baada ya safari ile ndicho tunachokisomesha hadi leo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la msingi ni kwamba ahadi bado inakudai. Shahada yenyewe ni kushuhudia, na Suratun Nisaa, aya ya 135, inawaamuru walioamini wasimamie uadilifu na wawe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata kama ni dhidi ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao. Watu huiweka aya hii upande mmoja, wakaona inakuruhusu kusema dhidi ya wazazi wako. Upande wa pili ni kwamba inakukataza kuwasingizia ili uwaridhishe jamaa zako wapya. Na aya ya 8 ya Al-Maida inaongeza kwamba chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu.

Wanaokutaka useme vile mhadharani ningewaomba warejee habari ya Salman al-Farisi, naye alihama dini ya baba kuliko sisi sote. Alizaliwa katika nchi ya Isfahan, baba yake ni mkubwa wa kijiji na mtunza moto wa ibada, akafungwa minyororo ya miguu kwa kuvutiwa na ibada ya Wakristo, akatoroka mpaka Sham, na huko akawatumikia wakubwa wa kanisa, mmoja baada ya mwingine. Alipokuja kuisimulia safari yake, akiwa tayari ni sahaba, alisema kwamba wa kwanza alikuwa mtu mbaya, aliyekusanya sadaka za watu akazihodhi. Kisha akasema kwamba aliyeshika nafasi yake alikuwa mtu bora, mwenye ibada na kuipa nyongo dunia, ambaye hakuwa amemwona mfano wake na ambaye alimpenda sana. Na wa mwisho wao, wa Ammuriya, ndiye aliyemwelekeza kwa Mtume atakayetokea katika nchi ya mitende. Salman alikuwa na sababu zote za kusema kwamba wote walikuwa waongo, na angepata sifa kwa kusema hivyo. Alimtaja kila mmoja kwa alivyokuwa. Kisha tukumbuke kwamba mtu huyo aliuzwa utumwani njiani, na aliukuta Uislamu akiwa mtumwa katika shamba la mitende la mtu, akaja kujikomboa kwa mkataba uliomtaka apande mitende mia tatu, na Mtume mwenyewe akamsaidia kuipanda kwa mkono wake.

Hapo tunafika kwenye maneno ya mama yako, ambayo naona ndiyo mazito kuliko yote uliyoyaeleza. Usitafute namna ya kuyakwepa. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na wengi wa wenye mashamba walikuwa Waislamu, wapo waliokuwa wakisali safu ya mbele. Huo ni ukweli wa historia yetu na lazima Mwislamu aweze kuutamka. Ndugu yetu anahofia kwamba utatumiwa na wenye nia mbaya. Mimi nahofia zaidi siku ambayo vijana wetu wataupata kwa wengine na kugundua kwamba sisi tulikuwa tunaujua. Ukweli huo una sehemu nyingine pia: ile amri ya 1897 haikumfungulia kila mtu siku ile, kwa sababu mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, bwana akalipwa fidia, na masuria waliachwa nje ya amri mpaka mwaka 1909, na Uingereza iliyoishinikiza Zanzibar ilikuwa nayo na utumwa katika makoloni yake mpaka sheria ya mwaka 1833. Mambo haya usimpelekee mama kama kisasi. Mpe haki yake kwanza: mwambie kwamba waliomlipa ujira mzee wenu pale Banani walitenda wema, na kwamba waliomtumikisha walimdhulumu. Baada ya hapo mweleze kwamba wema wa mtu haujibu swali la nani anastahiki kuabudiwa, wala dhulma ya mtu hailijibu. Kama dini ingethibitika kwa matendo ya wafuasi wake tu, hapana dini ambayo ingebaki salama mahakamani.

Nitaje kwa ufupi kwamba jambo la kusimama na unachokiamini na kulipa gharama si geni hapa, hata baina ya Waislamu wenyewe. Katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, watawala walikuwa Maibadhi, madhehebu ya Kiislamu yasiyo ya Kisunni, na Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui, mwanachuoni wa Kishafi, yaani wa Kisunni, alitiwa gerezani kwa sababu ya mafunzo yake, akatolewa baada ya Barghash kufariki. Wanavyuoni wetu wanamkumbuka kwa heshima. Tukimheshimu yeye kwa kutonyamaza, tusikulaumu wewe kwa kukataa kusema usichokijua kuwa ni kweli.

Suala la mtoto nitalirudia, ikiwa wenzangu hawatalijibu vizuri zaidi.

Aliyehamia Bara anajibu:

Naomba ruhusa ya kusema, ingawa najua kwamba msimamo wangu utawaumiza baadhi ya wasomaji. Mimi nilihama kwa upande wa pili. Nimezaliwa Unguja katika nyumba ya Kiislamu, nimehitimu msahafu chuoni nikiwa mdogo, na leo ni Mkristo, naishi Bara. Sikuja kuhubiri. Nimekuja kwa sababu yaliyomfika muulizaji mhadharani yamenifika mimi kanisani, neno kwa neno.

Nilipokuwa mgeni katika kanisa langu niliombwa nitoe ushuhuda, na nikaelezwa kwa upole, na watu wanaonipenda, kwamba ushuhuda mzuri unaanza gizani. Walitaka niseme kwamba nililelewa katika chuki, kwamba mwalimu wangu wa chuoni alikuwa katili na kwamba baba yangu hakujua upendo. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara ndogo ndogo aliyekuwa akirudisha chenji ya mtu hata kama mtu mwenyewe ameisahau, na alifanya hivyo kwa kumcha Mungu, akitaja aya inayowaonya wanaopunja vipimo. Nikasimama nikasema hivyo. Baadhi hawakufurahi. Mchungaji mmoja aliniambia baadaye kwamba ushuhuda wangu hautamvuta Mwislamu yeyote. Nilimjibu kwamba kama Kristo ndiye kweli, hawezi kuhitaji uongo wangu dhidi ya baba yangu.

Gharama nimeilipa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inataja wazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake, lakini ibara hiyo haikai nawe mezani sikukuu inapofika na hukualikwa. Sikurithi kwa baba, kwa sababu sheria ya Kiislamu haimrithishi asiyekuwa Mwislamu kwa Mwislamu, na sikudai. Ndugu zangu waliifuata dini yao kwa ukweli wa nyoyo zao, na sina haki ya kuwaita wezi kwa hilo.

Sisi Wazanzibari tunapozungumza habari za kuhama dini humtaja Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden mwezi Mei 1867 na siku hiyo hiyo akaolewa na Heinrich Ruete, Mjerumani. Wengine humtaja kwa sifa na wengine kwa lawama. Mimi humfikiria kwa huzuni, kwa sababu mwenyewe aliandika kwamba aliondoka kwao akiwa Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na kwamba baada ya miaka yote ile alikuwa Mkristo dhaifu na kidogo zaidi ya nusu Mjerumani. Alihama kabla ya kupewa nafasi ya kujua anahamia nini, na kaka yake Barghash alipokataa kumpokea na kumnyima alichokidai katika mirathi ya jamaa zao, hakuwa hata na utulivu wa mtu aliyeamini. Lakini angalia uaminifu wake: aliweza kuliandika hilo huko huko Ujerumani, mbele ya Wakristo waliopenda kusikia kinyume chake. Namheshimu kwa sentensi ile moja kuliko kwa ubatizo wake, na nasema hivi nikiwa Mkristo.

Ndugu muulizaji, wewe na mimi hatukubaliani juu ya jambo kubwa kuliko yote. Mmoja wetu amekosea, na siku moja tutajua. Ila hata huyo aliyekosea hatakuwa amekosea kwa makusudi, ikiwa tutaendelea kusema kweli.

Mama wa Mbweni anajibu:

Mwanangu wa Pemba, mimi ni Muanglikana, mtu wa Mbweni, na nyumba zetu zilianza kama zilivyoanza zenu, kwa watu waliotolewa utumwani wakapewa pahala pa kuishi na misheni. Mwanangu mmoja amesilimu. Kwa hiyo nakuandikia kutoka upande wa mama yako.

Kuhama kwake kuliniuma, sitaki kusema kwamba hakukuniuma. Lakini lililonikaa rohoni kwa muda mrefu zaidi ni siku aliposema mbele ya wageni kwamba sisi wazee tunashikilia kanisa kwa mazoea tu. Mimi nimesoma Biblia maisha yangu yote, nimezika watoto nikiwa nayo mkononi. Angeniambia kwamba nimekosea ningemvumilia, maana mtu huweza kukosea kwa moyo safi. Kuniambia kwamba siamini ninachokiamini ni kunivua utu wangu.

Nenda kwa mama yako, umweleze sababu zako zote kwa utaratibu, na wala usizipunguze kwa kumhurumia. Amekulea katika nyumba isiyoapa. Huyo atastahamili maneno magumu kuliko maneno matamu yasiyo na kweli. Kisha umwache aseme yake mpaka amalize, bila ya kumjibu kila neno. Na usiache kula chakula chake.

Mpenda Sunna wa Micheweni anaongeza:

Nimewasoma wote, na Maalim nimemfahamu. Nakubali kuhusu historia ya mashamba. Ni bora itoke kwetu. Kuhusu mtoto sijaridhika bado. Mtoto wa miaka minane hawezi kubeba hoja za Ghazali, na mwenyewe Ghazali alikuwa amekwisha kusoma mengi kabla ya kufika alikofika. Namwomba Maalim aseme hapo.

Mjukuu wa Banani anarudi:

Nawashukuru nyote, na wewe mama wa Mbweni shikamoo. Wanaoandaa mhadhara nimewaandikia kwamba nitazungumza ikiwa wataniacha nieleze sababu zangu tu, pamoja na mema niliyoyakuta kwa wazee wangu, na kama hilo haliwafai basi nitasikiliza nikiwa nimekaa na wengine. Jibu sijapata.

Mama nitamwendea. Lipo jambo moja alilonitaka tangu zamani ambalo nimekuwa nikilipisha pembeni: anataka siku ya kufariki kwake niwepo katika maziko yake kwa utaratibu wa Marafiki, ambao hukaa kimya, na anayesukumwa na moyo wake husimama akasema neno. Sitaki kumwahidi nisichoweza kutimiza, wala kumkatalia nilichoruhusiwa.

Mudarisi wa Minhaji anajibu:

Nianze na mtoto, kwa kuwa ndugu yetu amenidai kwa haki. Ni kweli kwamba mtoto mdogo hafundishwi kwa kupewa shaka. Anafundishwa kusali, kuhifadhi na kuwa mkweli, na hilo la mwisho muulizaji analijua kuliko wengi wetu. Lakini kutompa shaka ni mbali na kumnyima habari. Mtoto anaweza kujua tangu sasa kwamba bibi yake ni Mkristo, kwamba bibi yake ni mkweli, na kwamba baba yake alihama kwa sababu alizozipima. Akifika umri wa kuuliza sababu hizo, aelezwe zote, hata zile ambazo upande wa pili wana jibu juu yake, na jibu lao alisikie kama wao wenyewe wanavyolitoa. Ukimfikisha hapo na akabaki Mwislamu, atakuwa amebaki kwa miguu yake.

Kuhusu maziko ya mama, mwahidi kwamba utakuwepo. Imam Nawawi ameandika katika Minhaji, kitabu tunachokitegemea sisi Mashafi, kwamba hapana ubaya Mwislamu kulifuata jeneza la jamaa yake asiyekuwa Mwislamu. Abu Talib, ami yake Mtume na baba yake Ali, alipofariki, baada ya kusema kwamba yuko katika mila ya Abdul Muttalib, yaani ya baba yake, Mtume alimwambia Ali aende akamzike mzazi wake. Asma binti Abubakar aliuliza kama amuunge mama yake aliyekuwa mshirikina, akaamrishwa amuunge. Na aya ya 15 ya Suratu Luqman, inayokukataza kuwatii wazazi katika shirki, hapo hapo inakuamuru ukae nao duniani kwa wema.

Kwa hiyo chimba kaburi, beba jeneza, kaa nao katika kimya chao. Usichokifanya ni kumsalia sala ya jeneza na kuitikia maombi yanayopingana na imani yako. Na kwa kuwa ibada yao ni ya kukaa kimya, hilo halitakupa taabu. Ukitaka kusimama useme neno, sema ulilolijua kwake, kwamba alikulea usiseme uongo. Hayo yote mweleze sasa akiwa hai, pamoja na hilo la sala, ili ajue utakapokuwa umesimama na wapi utakuwa umenyamaza. Mirathi baina yenu haipo katika sheria ya Kiislamu, kwa hadithi ya Usama bin Zaid. Akipenda kukupa kitu, akupe kwa hiba katika uhai wake, mbele ya ndugu zako, na iandikwe.